Mkialikana hotelini, mkumbukeni mwenye kisukari

Unapotafuta hoteli ya kifahari jijini Nairobi kwa chakula cha jioni cha kundi lenu, usitazame bei na mapambo pekee. Uliza pia: chakula huchukua muda gani kufika mezani?

Mgonjwa wa kisukari akijidunga insulini inayofanya kazi haraka kisha chakula kichelewe, sukari katika damu hushuka. Hutokwa na jasho, hutetemeka na kuropoka, nanyi huenda mkadhani amelewa. Mpe upesi nusu glasi ya maji ya matunda au soda yenye sukari. Akipoteza fahamu, usimtilie chochote kinywani, mkimbize hospitalini.

Basi chagua hoteli inayopokea maagizo mapema, naye mwenzenu ajidunge chakula kikiwa tayari mezani.