Upepo wa Kusi na Safari ya Baiskeli

Mwezi mmoja wa Julai, sisi marafiki sita tulitoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Bagamoyo kwa baiskeli, mwendo wa kilomita 70 hivi. Tulifika tukicheka, kila mmoja akiisifu miguu yake. Mchana, katika kurudi, mwenzetu mmoja aliachwa nyuma, na tulipomngojea Mapinga alifika akiwa hajiwezi. Ikabidi apakiwe katika lori pamoja na baiskeli yake. Barabara ilikuwa ile ile. Je, ni kitu gani kilichobadilika?

Jibu ni upepo. Kusi huvuma katika pwani yetu tangu Aprili hivi hadi Septemba, kutoka kusini na kusini-mashariki. Aendaye Bagamoyo husukumwa mgongoni. Arudiye hupigwa kifuani.

Yafaa tulipime jambo hili kwa hesabu. Katika barabara tambarare mwendeshaji hushindana na kani mbili. Ya kwanza ni ukinzani wa magurudumu, kama nyutoni 5. Ya pili ni ukinzani wa hewa, ambao huongezeka kwa mraba wa kasi yake ikilinganishwa na hewa, wala si na barabara. Kwa mtu aliyeketi wima, mraba wa kasi hiyo, katika mita kwa sekunde, ukizidishwa kwa 0.3 hutoa kani hiyo katika nyutoni, kwa makadirio.

Tuchukue kwamba kasi yetu ni mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, na upepo una kasi hiyo hiyo. Wakati wa kwenda, hewa inasafiri pamoja nasi. Ukinzani wake ni sifuri. Tunashinda nyutoni 5 tu, na kazi ya kila sekunde ni 5 × 5, yaani wati 25. Wakati wa kurudi, kasi yetu dhidi ya hewa ni mita 10 kwa sekunde. Ukinzani wake ni nyutoni 30, jumla 35, na kazi inakuwa wati 175. Hiyo ni mara saba! Ni watu wachache wasio na mazoezi wawezao kuivumilia kwa saa nne.

Dawa ipo. Anayefuata nyuma ya mwenzake hujikinga kama aliye nyuma ya ukuta, na ukinzani wa hewa waweza kupungua kwa theluthi moja. Wati 175 hushuka hadi 125. Kikundi kikipunguza pia kasi hadi mita 4 kwa sekunde, wa nyuma hutumia wati 85 tu. Mwalimu awaachie wanafunzi wathibitishe hesabu hii.

Basi msafara uende kwa mstari mmoja, upande wa kushoto, kila mtu akiacha nafasi ya kutosha kufunga breki. Wenye nguvu wapokezane mbele kila baada ya dakika chache. Kosa letu lilikuwa hili: tulimwacha aliye dhaifu kuliko wote apambane na upepo peke yake, naye ndiye aliyeuhitaji mgongo wa mwenzake kuliko sisi sote.