Vidonda vya Kinywani: Vinavyouma na Visivyouma

Mwezi huu tutazame kinywani. Huku Unguja karibu kila mtu amekwisha kupata kidonda cha mdomo, na kila mtu ana dawa yake. Mmoja hupaka mafuta ya karafuu, mwingine hufungua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Yote mawili tunayakataa. Mafuta ya karafuu hutuliza jino, lakini kwenye kidonda kibichi huunguza nyama. Na unga ule hausaidii, kwa kuwa vidonda vingi vya namna hii havitokani na vijidudu vinavyouawa na dawa hiyo.

Kidonda cha kawaida ni kidogo, cha mviringo, katikati cheupe au cha manjano, pembezoni chekundu. Huuma sana, hasa ukinywa urojo wenye embe mbichi na pilipili. Huletwa na kujiuma, jino lililovunjika, meno ya bandia yasiyokaa vema, mawazo mengi, au upungufu wa madini ya chuma na vitamini. Hupona chenyewe kwa siku 7 hadi 14. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu, bilauri moja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, mara 3 au 4 kwa siku. Anayepata vidonda mara kwa mara apimwe damu.

Ufizi uliovimba na kutoka damu wataka mswaki laini asubuhi na usiku. Wengi huacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu, nao uvimbe huzidi.

Utando mweupe kama maziwa yaliyoganda ni fangasi. Tukiufuta kwa kitambaa hutoka na kuacha wekundu. Mtoto mchanga hupewa nistatini ya maji, na ziwa la mama nalo hutibiwa. Mtu mzima akiupata tunampima sukari na VVU. Asiudhike, maana matibabu yapo. Mtoto aliyedhoofu, hasa baada ya surua, akivimba shavu na kinywa kikanuka vibaya, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huo hula shavu kwa siku chache.

Sasa tambuu. Jani, popoo, chokaa na tumbaku: wazee wetu wa Mji Mkongwe na mashamba wanavijua, na vijana wamefuata kuberi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichapisha mwaka 2004 kwamba popoo peke yake, hata bila tumbaku, huleta saratani. Mara nyingi huanza bila maumivu: baka jeupe lisilofutika, baka jekundu, kidonda chenye kingo ngumu, au kinywa kisichofunguka vizuri kama zamani. Mgonjwa husema, “Haliumi, nije kufanya nini?” Hicho kisichouma ndicho tunachokiogopa zaidi.

Kidonda kikipita wiki 2 au 3 bila kupona, kiume kisiume, usikipake kitu. Nenda kituo cha afya, nao watakuelekeza Mnazi Mmoja ikibidi. Daktari hutazama kwa taa, hupapasa ulimi na chini ya taya, kisha hutia ganzi na kukata kipande kidogo cha nyama cha kupima. Wapo wanaosema kisu hueneza ugonjwa. Si kweli, na bila kipande hicho hakuna ajuaye atibu nini.