Kununua Samaki Mbichi

Katika masoko ya pwani, toka Lamu hata Vanga, mnunuzi mwenye busara humtazama samaki kabla ya kuuliza bei. Samaki mpya ana macho maangavu yaliyotuna na matamvua mekundu; nyama yake ikibonyezwa hurudi upesi.

Lakini jodari ataka uangalifu zaidi. Akilazwa juani saa chache, vijidudu hufanya sumu katika nyama yake, nayo haiondoki kwa kupikwa, wala kwa ndimu na pilipili. Mlaji huwaka uso, huumwa kichwa na kutapika. Tena pengine samaki huyo hanuki kabisa! Basi mnunuzi na aulize alivuliwa lini, na kama alitiwa barafu tangu chomboni.

Kaa hununuliwa angali hai. Aliyekufa aachwe, hata bei ikipunguzwa.