Bekoni na soseji bila kemikali: Rangi ya nyama isikuhadae

ASUBUHI katika mitaa mingi ya Nairobi, Nakuru na Kisumu, harufu inayomlaki mtu anayekwenda kazini ni ya soseji na smoki zinazopashwa moto kando ya barabara. Mwanafunzi hununua moja, ikapasuliwa na kujazwa kachumbari, naye akaila huku akikimbilia matatu. Nyumbani nako, mama aliyechelewa kuamka huwakaangia watoto soseji mbili mbili au vipande vya bekoni, kwani hicho ni chakula cha dakika tano.

Ni chakula kitamu na hakina kazi kukitayarisha. Hata hivyo, ni familia chache zinazojiuliza: Nyama hii imetiwa nini hata ikae majuma kadhaa bila kuoza? Na mbona bekoni hubaki na rangi ya waridi baada ya kupikwa, ilhali nyama nyingine zote hugeuka kijivu au kahawia zikiingia motoni?

Jibu la maswali yote mawili ni moja. Nyama hiyo imetiwa kemikali iitwayo sodiamu naitraiti. Ndiyo inayoipa bekoni, hemu na smoki rangi yake na ladha ile tunayoitambua mara moja. Zamani wapishi wa Ulaya walitumia shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, ambayo ndani ya nyama hugeuka polepole na kuwa naitraiti.

Wakenya hawakuanza jana kula vyakula hivi. Walowezi wa Kizungu walikuja na mapenzi yao ya bekoni, na kwa miaka mingi kiwanda cha Uplands karibu na Limuru ndicho kilichojulikana kwa kazi hiyo. Ni kiwanda kile kile ambako polisi waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma mwaka wa 1947. Leo bekoni si chakula cha mabwana tena. Imo katika jokofu la kila supamaketi.

Kinga na hatari

Kabla ya kuilaani kemikali hii, ni vyema tujue ilikuja kufanya nini. Mapema katika karne ya 19, watu kadhaa huko kusini mwa Ujerumani walikufa baada ya kula soseji zilizoharibika. Daktari mmoja, Justinus Kerner, aliuchunguza ugonjwa huo na kuandika juu ya "sumu ya soseji" katika miaka ya 1820. Baadaye ilijulikana kuwa sumu hiyo hutolewa na kijidudu kinachostawi mahali pasipo na hewa, kama vile ndani ya soseji au mkebe. Jina la ugonjwa wenyewe, botulizimu, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji.

Naitraiti humzuia kijidudu huyo. Kwa hivyo, mwenye kiwanda hakuitia kwa ajili ya rangi peke yake. Anayetaka nyama isiyo na naitraiti hana budi kuweka kitu kingine mahali pake, nacho ni nyama mbichi ya siku hiyo, baridi ya kutosha na moto wa kutosha. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanaiondoa kemikali, kisha wanaiweka nyama kwenye kabati kama kwamba bado imo.

Hatari nayo ni ya kweli. Naitraiti ikikutana na moto mkali ndani ya nyama, huweza kuzaa vitu viitwavyo naitrosamini, ambavyo baadhi yake huleta saratani. Mnamo Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake mjini Lyon, Ufaransa, liliweka nyama zilizosindikwa katika kundi la vitu ambavyo imethibitishwa kuwa vinaweza kumletea binadamu saratani. Lilisema kuwa kula gramu 50 za nyama hizo kila siku, yaani kiasi cha soseji moja kubwa, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18.

Tusiyasome maneno hayo vibaya. Hayana maana kwamba watu 18 kati ya 100 watakaokula soseji watapata saratani, wala kwamba soseji ni mbaya sawa na sigara. Maana yake ni kuwa hatari aliyo nayo kila mtu huongezeka kwa kiasi hicho kwa yule anayekula kila siku. Anayekula bekoni mara moja kwa mwezi hana sababu ya kukosa usingizi. Wa kuangaliwa ni mtoto anayepewa soseji kila asubuhi, na mwanafunzi ambaye smoki ndiyo staftahi yake, chakula chake cha mchana na wakati mwingine cha jioni.

Nyama isiyogeuka rangi

Kuna kemikali nyingine ambayo Wakenya waliisikia kwa mshtuko. Mnamo Julai 2019, kituo kimoja cha televisheni kilionyesha uchunguzi kuhusu nyama mbichi iliyotiwa sodiamu metabaisalfaiti katika baadhi ya maduka makubwa jijini Nairobi ili ionekane mpya. Kwa siku kadhaa watu waliiogopa nyama, kisha taratibu mazungumzo yakafifia.

Kemikali hii si sawa na naitraiti. Metabaisalfaiti hutumiwa kihalali katika vyakula kama matunda yaliyokaushwa na mvinyo. Ikitiwa kwenye nyama iliyoanza kuharibika, huirudishia wekundu na kuficha harufu. Mnunuzi hudanganywa na macho yake mwenyewe. Baadhi ya watu wenye ugonjwa wa pumu wanaweza kubanwa kifua wakila chakula chenye kemikali za aina hii. Isitoshe, huharibu vitamini B1, na hiyo ni moja ya sababu zilizofanya Marekani kukataza isitiwe kwenye nyama.

Basi mnunuzi afanye nini? Kwanza, ajue kuwa nyama ya kawaida hubadilika. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa sasa hivi huwa na wekundu wa zambarau, ikipata hewa hung'aa, na kadiri saa zinavyopita huwa nyeusi nyeusi. Nyama iliyoning'inia tangu asubuhi na ambayo jioni bado inang'aa kana kwamba imechinjwa sasa hivi inastahili kutiliwa shaka. Ikiwa bucha ina taa nyekundu, omba nyama yako uiangalie nje kwenye mwanga wa jua.

Pili, tafuta mhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye mzoga. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukiomba kuuona. Tatu, usinunue nyama iliyokwisha kusagwa. Chagua kipande, kisagwe ukitazama.

Nne, kuwa na muuzaji wako. Wakazi wa Nairobi wanazijua sehemu zinazosifika kwa nyama, kama vile Burma kwa ng'ombe, Kiamaiko kwa mbuzi na Ndumbuini kwa nguruwe. Lakini hata katika mtaa wako, muuzaji anayekujua kwa jina na anayejua kuwa utarudi Jumamosi ijayo atafikiri mara mbili kabla ya kukuuzia kilicholala.

Geuza pakiti

Kwa nyama za pakiti, usisome maandishi makubwa ya mbele. Geuza pakiti usome yale madogo ya nyuma. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, na kinachotangulia ndicho kingi zaidi. Ukikuta maji, unga au soya mwanzoni mwa orodha, ujue unalipia vitu hivyo kwa bei ya nyama.

Kemikali nyingine huandikwa kwa nambari. E250 ni sodiamu naitraiti, E251 ni sodiamu naitreti, E252 ni shura, na E223 ni metabaisalfaiti. Si kila nambari ni adui, kwani E300 ni vitamini C tu, nayo hutiwa ili kupunguza kuzaliwa kwa naitrosamini.

Jihadhari pia na maneno matamu. Ziko bekoni, hasa zinazotoka ng'ambo, zinazojitangaza kuwa hazikutiwa naitraiti, kumbe zimetiwa unga wa seleri. Mboga hiyo ina naitreti nyingi za asili, ambazo hugeuzwa kuwa naitraiti ile ile. Jina limebadilishwa, bei imepanda, lakini kilichomo hakina tofauti kubwa.

Hata hivyo, inawezekana kabisa kuhifadhi nyama bila kemikali hizi. Tangu 1993, watengenezaji wa hemu ya Parma huko Italia hutumia paja la nguruwe na chumvi peke yake, kisha huiacha ikauke kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kazi hiyo huhitaji vyumba maalumu na ujuzi wa vizazi, kwa hivyo usiijaribu kwenye veranda yako.

Hapa kwetu tuna nyirinyiri, chakula cha jamii za wafugaji wa kaskazini ambacho pia hupatikana Eastleigh. Nyama ya ng'ombe au ngamia hukatwa vipande vyembamba, hukaushwa, hukatwa tena vidogo vidogo na kukaangwa hadi maji yote yaishe, kisha huhifadhiwa ndani ya mafuta, aghalabu pamoja na iliki. Hukaa miezi bila friji. Mwanafunzi anayeishi chumba kimoja anaweza kununua kiasi kidogo kwa wanaojua kuitengeneza, akaila na chapati au wali.

Bekoni ya nyumbani

Mwenye friji anaweza kujitengenezea bekoni isiyo na naitraiti. Nunua kilo moja ya nyama ya tumbo la nguruwe, iliyochinjwa siku hiyo. Changanya chumvi vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, sukari kijiko kimoja na pilipili manga kijiko kimoja. Ukipenda, ongeza majani ya rosemeri yaliyokatwa.

Sugua mchanganyiko huo pande zote za nyama. Iweke kwenye bakuli lenye kifuniko, chini kabisa katika friji, kwa siku mbili, ukiigeuza kila siku. Kisha ioshe haraka, ipanguse hadi ikauke, na uiweke kwenye sehemu ya barafu kwa nusu saa ili iwe rahisi kuikata vipande vyembamba.

Ile tu katika muda wa siku tatu. Ile ambayo hutaitumia igandishe siku hiyo hiyo. Kumbuka kuwa hii haina kinga ya kiwandani. Ikiwa umeme hupotea mara kwa mara mtaani kwenu, tengeneza nusu kilo tu.

Wakati wa kukaanga, panga vipande kwenye kikaango kilicho baridi, tia maji vijiko viwili na uwashe moto mdogo. Maji yatakauka, mafuta yatoke, na nyama ijikaange ndani ya mafuta yake. Igeuze hadi iwe kahawia, lakini usiiache ikaungua. Usishangae ikikosa ule wekundu wa dukani, kwani hiyo ndiyo rangi ya nguruwe aliyepikwa.

Nyama ya nguruwe ni lazima iive kabisa. Ukiona vifuko vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama mbichi, usiinunue. Hao ni watoto wa tegu. Mtu akila nyama hiyo kabla ya kuiva hupata minyoo tumboni, na mayai ya minyoo hiyo yakimezwa na binadamu yanaweza kuleta vifuko ubongoni na kusababisha kifafa.

Kwa wasiokula nguruwe, kidari cha ng'ombe kinaweza kutengenezwa vivyo hivyo. Kwa kuwa hakina mafuta mengi, tia mafuta kidogo kwenye kikaango.

Kwa watoto wanaolilia soseji, chukua nusu kilo ya nyama ya kusaga, kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo sana, dania, yai moja, chumvi nusu kijiko cha chai na pilipili manga kidogo. Finyanga vipande vyenye umbo la vidole na uvikaange kwa moto wa wastani hadi visiwe na wekundu ndani. Unaweza kuvifinyanga usiku, ukaviweka kwenye friji na kuvikaanga asubuhi. Havichukui muda mwingi kuliko soseji za pakiti.

Mwisho, chumvi ni chumvi hata ikitiwa na mama nyumbani, na mafuta ya nguruwe hayapungui kwa sababu kemikali imeondolewa. Bekoni isiwe chakula chenyewe. Vipande vitatu vilivyokatwakatwa vinatosha kuitia ladha sufuria nzima ya githeri, maharagwe au kabichi, na familia ya watu watano ikala ikashiba.

Wiki hii, kabla ya kutia pakiti kwenye kikapu chako, igeuze uisome. Watoto wakiwa nawe, wafundishe nao kuisoma, kwa sababu watakapokwenda chuoni hakutakuwa na mama wala baba wa kuwachagulia.