Andika Sifuri

Nilikuwa darasa la sita, likizo ya Juni, na kiangazi kilikuwa kimeshashika. Baba alikuwa amesafiri, akaniachia kipima mvua. Siku tisa sikukisogelea. Niende kufanya nini na jua lote lile?

Aliporudi akafungua daftari, akakuta mistari tisa mitupu. "Mama," akaniita, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "hapa hakukunyesha, au hukwenda?" Nikapiga magoti, sina la kujibu. Akachukua kalamu nyekundu akaandika kwenye kila mstari: hakukupimwa. Sifuri, alisema, ni ushahidi kwamba mtu alikwenda, akachungulia, akakuta pakavu.

Hapa kwetu Nyakato, jijini Mwanza, kipimo kilianzishwa na babu, aliyeijua kazi hiyo akiwa kibarua Ukiriguru, kule zilikotoka mbegu za pamba kama UK91. Baba akapokea, sasa ni zamu yangu. Halipwi mtu. Kila saa tatu asubuhi, kunyeshe kusinyeshe, unakwenda uani. Mwisho wa mwezi fomu inapelekwa kwa watu wa hali ya hewa.

Chombo chenyewe hakina makuu: mkebe wenye mdomo wa milimita 127, ndani faneli na chupa. Maji unayamimina kwenye glasi nyembamba yenye mistari, unainama mpaka jicho lilingane na maji, unasoma. Usidharau milimita moja. Kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 4,000, yaani mapipa ishirini ya lita 200. Mkulima wa mpunga akisikia hivyo anaanza kuwaza majaruba yake.

Huwa naulizwa: si kuna kituo uwanja wa ndege? Kipo, ila uwanja uko ufukweni, sisi tuko ndani, upande wa barabara ya Musoma. Na Ziwa Victoria lina vituko vyake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo huelekea ziwani, na radi hupiga huko mpaka alfajiri. Mchana upepo hugeuka. Kirumba, kule ufukweni, wanaweza kuloa wakati sisi tumeanika dagaa. Na ziwa lenyewe huishi kwa mvua: sehemu kubwa ya maji yake hutoka mawinguni moja kwa moja, si mitoni. Mvua za mwishoni mwa 1961 zilianza kulipandisha, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili.

Siku hizi adui yangu ni matofali. Kanuni inataka kipimo kiwe mbali na ukuta au mti angalau mara mbili ya kimo cha ukuta au mti huo, na jirani amesimamisha ghorofa hatua sita tu kutoka kilipokuwa. Sina ugomvi naye. Shamba la pamba la babu lenyewe sasa ni mtaa. Nimekihamisha hatua 31, karibu na bustani ya mchicha, na daftarini nikaandika tarehe ya kuhama, ili atakayesoma baada yangu asije akadhani mvua ndiyo iliyobadilika.