Fahamu: Mgeni akifika Kikambala, aanzie wapi?

Tangu UNESCO iuingize mji wa kale wa Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia, Julai 2024, wageni ninaowapokea Kikambala huuliza kwanza njia ya kwenda huko. Ni rahisi: matatu za Malindi hupita barabara kuu. Lakini mimi huwaambia waanzie Jumba la Mtwana, kusini kidogo, upande wa Mtwapa. Ni magofu ya nyumba na misikiti ya mawe ya matumbawe ya karne ya 14, chini ya mibuyu, na msikiti mmojawapo uko ufukweni kabisa. Nenda asubuhi, jua halijawa kali, na umchukue kiongozi wa palepale. Bila yeye utaona kuta tu.

Kuhusu bahari, waulize wavuvi saa za maji kabla ya kuvua viatu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa hadi karibu na mwamba, kisha hurudi kwa kasi. Watoto wasiachwe huko peke yao.

Ukienda Gede, pitia magofu ya Mnarani, Kilifi, juu ya hori. Msitu wa Arabuko-Sokoke nao uko jirani na Gede. Ndege wake peke yao wanatosha siku nzima.

Makaya ya Wamijikenda, misitu iliyoorodheshwa na UNESCO 2008, ni mahali patakatifu. Omba ruhusa kwa wazee, vaa unavyoelekezwa, usipige picha bila idhini, wala usichume hata jani.