Siku Moja ya Kupimwa: Mwanao Aitwapo na Kampuni

Mvuvi wa Kabezi hamwamini mwenzake wa mtumbwini kwa maneno asemayo akiwa ufukoni. Humchukua ziwani usiku, taa zikiwaka na wavu wa ndagala ukiwa majini, kisha humtazama. Upepo ukigeuka, je, hupiga kelele au hushika kasia? Akiambiwa neno na mwenzake, husikia? Kunapokucha, mvuvi anajua kama atarudi naye ziwani au la.

Hivyo ndivyo wafanyavyo leo waajiri wengi wakubwa, yakiwemo mabenki, makampuni na mashirika ya kimataifa, wanapotafuta vijana waliohitimu vyuo vikuu. Badala ya kumwuliza kijana maswali kwa nusu saa na kumwacha aende zake, huwaita watahiniwa kadhaa pamoja, huwapa kazi za kufanya kutwa nzima, na wapimaji huketi kando wakitazama na kuandika.

Makala haya yanawahusu ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi kwa sababu mbili. Wengi wao wamewasomesha watoto kwa mshahara usiotosha, na siku moja ya namna hiyo yaweza kuamua matunda ya miaka kumi na sita ya karo. Tena wapo walio na shahada ambao karibu watavua sare na kutafuta kazi ya kiraia. Wote wawili wanastahili kujua kuwa jambo hili halikuzaliwa katika ofisi za wafanyabiashara. Lilizaliwa jeshini.

Wajerumani walitangulia katika miaka ya 1920, walipoanza kuwapima watakaokuwa maofisa kwa matendo. Uingereza ilifuata ilipobanwa na vita. Hapo awali maofisa wake waliteuliwa kwa mazungumzo mafupi, na aghalabu jina la shule na la ukoo vilisema zaidi ya mtu mwenyewe. Wengi wa walioteuliwa hivyo walishindwa mafunzoni. Ndipo mwaka 1942, mjini Edinburgh, likaanzishwa baraza la kwanza la uteuzi wa namna mpya. Watahiniwa walikaa hapo siku kadhaa, wakivaa namba badala ya vyeo. Daktari wa maradhi ya akili, Wilfred Bion, alibuni zoezi la kikundi kisichopewa kiongozi: watu hupewa kazi bila kuambiwa nani aamuru, na wapimaji hutazama nani atafikiri juu ya wenzake na nani atajifikiria mwenyewe.

Marekani nayo ilifanya hivyo tangu mwishoni mwa mwaka 1943, katika shamba moja karibu na Fairfax, jimbo la Virginia, ilipowachagua watu wa idara yake ya ujasusi. Mtahiniwa alipewa wasaidizi wawili na dakika kumi za kujenga umbo la miti. Hakujua kuwa wasaidizi hao walitumwa kumkwamisha. Mmoja alizembea, mwingine alimkejeli. Kazi haikuweza kumalizika, wala wapimaji hawakutaka imalizike. Walitaka kuona hasira yake itamfikisha wapi.

Baada ya vita, mwaka 1956, Douglas Bray wa kampuni ya simu ya AT&T alianza kuwapima kwa njia hiyo vijana wa kampuni, jumla yao 422. Matokeo yalifichwa, hata wakubwa wao wasiyaone. Miaka ilipopita ikaonekana kuwa majaribio yale yalikuwa yamebashiri vema nani angepanda ngazi. Tangu hapo makampuni mengine yakaiga.

Basi kijana ategemee nini? Kwa kawaida kuna majaribio ya hesabu na ya kusoma majedwali kwa muda mfupi. Kuna zoezi la kikundi, mfano wa lile la Bion. Kuna zoezi la kisanduku cha barua, lililotengenezwa kwanza kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani: mtahiniwa hukuta mezani rundo la barua na taarifa, naye hutakiwa aamue ipi ijibiwe sasa, ipi ingoje na ipi apewe mwingine. Kuna igizo, kama vile kumpokea mteja aliyekasirika. Kuna kueleza jambo mbele ya jopo, na mwisho kuna usaili.

Kila mpimaji huwa na orodha ya sifa zinazotafutwa, naye huandika alichokiona. Jioni huketi pamoja, hulinganisha na kukubaliana. Kwa hiyo anayeboronga zoezi moja asubuhi asikate tamaa. Alama za zoezi la pili huanza upya, na wengi wamejiangusha wenyewe kwa kuomboleza kosa la kwanza hadi jioni.

Hapa pana neno la kuwaambia wazazi wenye sare. Katika nyumba ya askari mtoto huzoea kuwa mkubwa akisema, mdogo hunyamaza. Adabu hiyo ni njema, lakini katika zoezi la kikundi mpimaji hawezi kuandika asilolisikia. Kijana anyamazaye kwa heshima na kijana asiye na la kusema huandikiwa alama ileile. Mwanajeshi aliyezoea kuamuru huanguka upande wa pili: huwakata wenzake kauli, huamua peke yake, kisha hushangaa kwa nini hakuchaguliwa. Anayefaulu husema wazo lake kwa ufupi, humwuliza aliyenyamaza, hutazama saa, na hukubali wazo la mwingine lililo bora.

Lugha nayo ni mtihani. Kijana wa Kabezi huota kwa Kirundi, hununua samaki kwa Kiswahili, alisoma kwa Kifaransa, na tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 karatasi anayopewa huenda ikawa ya Kiingereza. Barua ya mwito ikifika, aandike kuuliza siku itaendeshwa kwa lugha gani na kwa mazoezi gani. Kuuliza si ujinga, wala hakupunguzi alama. Mazoezi yakifanyika Bujumbura, asafiri tangu jana yake. Barabara ya Rumonge si ndefu kutoka Kabezi, lakini miaka hii ya uhaba wa mafuta gari la alfajiri si la kutumainiwa.

Mazoezi yaweza kufanyika nyumbani bila gharama. Waketishwe vijana wanne jioni moja na wapewe shauri: kijiji kina fedha za jambo moja tu, ama bomba la maji, ama paa la shule, ama mashine ya barafu ya wavuvi. Wapewe dakika arobaini wakubaliane na waeleze sababu. Mzazi akae kando na kalamu, aandike nani alisema nini, wala asitie neno. Kwa afande aliyezoea kusikilizwa, huenda hilo likawa zoezi gumu kuliko la watoto.

Na kijana akikosa, aandike tena kuomba aelezwe alipungukiwa wapi. Waajiri wengine hujibu, na jibu hilo lisomwe na baba na mwana pamoja, kabla ya barua nyingine ya mwito kufika.